Divai ya Altare Inatoka Shamba la Nani?

Hapa Katavi si rahisi kutudanganya kwa asali. Mtu akileta Mpanda debe lililoongezwa sukari, mzee wa Inyonga ataonja kwa ncha ya kidole na kumrudisha nalo. Kwa divai hatuna ulimi huo. Tunapoandaa altare tunamimina kutoka chupa tuliyoikuta sakristia, na ni wachache wetu tuliowahi kuuliza ilikotoka.

Kanuni ya 924 inataka divai ya asili, itokanayo na tunda la mzabibu, isiyoharibika. Wanzuki wetu, hata uwe mtamu namna gani, haufai. Wala divai ya rosela. Mwaka 2017 Kongregasio ya Ibada na Nidhamu ya Sakramenti iliwaandikia maaskofu kuwakumbusha wajibu wao wa kusimamia jambo hili, kwa kuwa siku hizi mkate na divai vinauzwa hata madukani na mtandaoni.

Zabibu za Dodoma zina undugu na Kanisa: miaka ya 1950 wamisionari Waitalia walizipanda Bihawana. Leo huvunwa mara mbili kwa mwaka, nyingi katika mashamba madogo ya familia. Familia inayosindika yenyewe huponda zabibu, huacha juisi na maganda pamoja mpaka wekundu ukolee, na chachu iliyo kwenye ganda hufanya kazi yake. Divai ya namna hiyo, isiyoongezwa kitu, ndiyo Kanisa linayoitaka. Lakini wanunuzi ni wachache, na zabibu ikiiva haingoji.

Maoni yetu ni kwamba parokia za Jimbo la Mpanda zinunue kwa pamoja, moja kwa moja kutoka kwa familia chache za aina hiyo, Askofu akisharidhika na utengenezaji wao. Wanaolima bila dawa za viwandani wapewe nafasi ya kwanza. Sheria haidai hilo, tunaliongeza sisi.

Maparoko watasema chupa ya dukani ina lebo na tarehe, ya mkulima haina. Hoja hiyo ni nzito, maana divai iliyogeuka siki haifai tena kwa Misa. Basi tuanze kidogo. Msimu ujao waseminari wawili wapande treni, wapitie Kaliua na Tabora mpaka Dodoma, washike kazi ya kuponda, warudi na katoni moja na jina la shamba.