Luteni Uhura na foni ya shangazi

Mwezi huu sina habari kubwa. Nina sinema tu.

Kijana wetu alileta katika simu yake vipindi vya zamani vya Star Trek, vile vya watu wanaosafiri kati ya nyota, vilivyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Mimi navipenda tangu zamani, sikatai. Mama watoto anasema nimezeeka bila kukomaa. Basi jioni moja, tumekwisha kula bugali na ndakala hapa Kalundu, tukakaa watu saba mbele ya simu moja.

Katika kipindi cha kwanza kuna mnyama anayegeuza sura na kunyonya watu chumvi ya mwilini mpaka wanakufa. Anamwendea Luteni Uhura, yule dada mweusi wa mawasiliano, kwa sura ya kijana mzuri. Na anamsemesha Kiswahili!

"Baba, njo Kiswahili gani ile?" Watoto wakacheka sana. Kweli, ni Kiswahili kama cha kitabu kilichoanguka ziwani. Lakini ni chetu, na jina la Uhura limetoka kwenye neno "uhuru". Mama watoto akasogeza kisahani cha chumvi nyuma yake, mchezo tu.

Dada yangu mkubwa hakucheka. Alikuwa anaangalia kile kitu Uhura anachoweka sikioni. Wakubwa mnakumbuka: miaka ya 1990, kabla ya simu za mkononi, habari za ndugu walioko Kamituga kwenye dhahabu zilifika Uvira kwa foni, ile redio ya kusema na kupokea. Dada ndiye alikaa kwenye foni. Watu walipanga mstari tangu asubuhi: huyu anaomba pesa ya masomo, yule anataka kujua kama bwana yake yuko mzima. Na wengine walisema anakula mshahara wa kukaa kitini.

Siku moja ikaja habari kwamba shimo limefunika vijana. Mama wa mmoja wao alikuwa palepale katika mstari. Dada akamwambia. Yule mama akamwita mchawi mbele ya watu wote. Jioni dada akamwambia baba yetu: naacha.

Ndiyo maana nikawasimulia kuwa Nichelle Nichols, aliyecheza Uhura, naye alitaka kuacha, mwisho wa msimu wa kwanza, 1967. Barua alikwisha kuitoa. Halafu, kama alivyosimulia mwenyewe, akakutana na Pasta Martin Luther King, ambaye alimwambia kuwa watoto wake wanaruhusiwa kuchelewa kulala ili wamwone, na kwamba asitoke. Akabaki mpaka 1969. Msichana mmoja aliyemtazama, Mae Jemison, alikuja kuwa daktari, na mwaka 1992 akaruka angani kweli, mwanamke mweusi wa kwanza.

"Mimi hakuna pasta aliniomba," dada akasema. "Yule mama alirudi kisha mwezi mmoja. Alisimama mwisho wa mstari. Alipofika, akanipa jina la mtoto wake wa pili, niite kule nijue kama yuko."

"Alikuwako, Shangazi?"

"Alikuwako."

Akarudisha macho kwenye simu. "Huyu Uhura wenu, nyuma yake hakuna mstari. Habari ya kifo ikifika, anamwambia nani?"

Kijana akasema tutafute katika kipindi kinachofuata. Lakini betri ilikwisha, na umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi.