Kipimo Bila Kanuni ni Kazi Bure

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba daftari lisilo na kanuni nalo halina habari.

Hebu msomaji tazama maandishi haya: "Mvua 20, saa tatu, 4/3." Utaelewa nini? Ni milimita 20 au ni nini? Ni saa tatu ya asubuhi, au ya usiku? Ni tarehe 4 Machi, au 3 Aprili kama waandikavyo Wamarekani? Aliyepima alijua, lakini akimaliza shule huondoka na siri yake.

Baya zaidi ni sifuri. Siku isiyonyesha huandikwa 0. Siku ambayo hakuna aliyepima, tuseme Jumapili, yafaa itiwe alama ya kuonyesha kwamba haikupimwa. Wengi huandika 0 zote mbili! Basi Jumatatu maji ya siku mbili yakipimwa pamoja, msomaji huona ukame jana na gharika leo.

Kuna wanaosema ati siku hizi mitambo hujipimia yenyewe, kwa hivyo kanuni ni za nini? Ni kweli, mradi wa TAHMO umeweka vituo vya aina hiyo katika shule kadhaa nchini. Lakini mitambo mingi hutumia saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3. Mvua ya saa nane usiku huandikwa tarehe ya jana. Asiyelijua hilo atapotea vilevile.

Wala hatuhitaji kubuni kitu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, lililoanzishwa mwaka wa 1950, lina miongozo ya upimaji. Kanuni ya ISO 8601 ya mwaka wa 1988 inataka tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku.

Kwa nini tujali? Mafuriko ya mwaka wa 2024 yaliua zaidi ya watu 200 hapa Kenya. Kipimo cha shule moja hakisemi mengi. Vipimo vya shule kumi za bonde moja, vikiandikwa kwa namna moja, vinaweza kumwonya jirani aliye chini ya mto.

Kwa hivyo wanafunzi wenzangu, kila kipimo kiandikwe pamoja na kizio, saa, mahali na chombo. Kisha tugawane na majirani. Tusipofanya hivyo, jamani, tunajaza madaftari bure.