Anayekula Kabla ya Wenziwe
Na Elifasi Mwadime

Wahubiri wetu wa Eastlands, Nairobi, tangu Bahati hata Kayole, wakiugusa ulafi aghalabu huuweka tumboni: humsema mtu mnene, wakamwonya juu ya sukari na shinikizo la damu, waumini wakatazamana na kucheka kidogo, kisha ibada ikaendelea. Mafundisho hayo nayaona ni ya tabibu zaidi kuliko ya kasisi, nayo yana dhuluma ndani yake, maana wapo wanene wasiokula vingi, na wapo wembamba ambao ulafi wao hauna kifani.

Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alitaja njia tano za kuitenda dhambi hii, naye Mtakatifu Thomas wa Akwino akazirudia katika karne ya 13: kula kabla ya wakati, kutaka vyakula vya thamani kubwa, kutaka viandaliwe kwa madoido, kula kupita kiasi, na kula kwa pupa. Katika hizo tano wingi ni moja tu, hivyo mtu aweza kuwa mlafi kwa sahani ndogo. Lakini kipimo kilicho karibu zaidi na maisha yetu ni cha Mtume Paulo, pale alipowakemea Wakorintho, katika sura ya 11 ya waraka wake wa kwanza, kwa kuwa walikusanyika kwa chakula cha Bwana ilhali wenye nacho walitangulia kula, huyu akalewa na yule akabaki na njaa. Wala hakuwaamuru wapunguze matonge, aliwaagiza wangojane.

Twende na kipimo hicho Burma, kando ya Jogoo Road, siku za mwisho wa mwezi. Nyama hupimwa kwa kilo, ikachomwa, ikakatwakatwa juu ya ubao na kuletwa mezani pamoja na ugali, kachumbari na chumvi pembeni. Na katika hayo sioni aibu yoyote, maadamu Bwana wetu mwenyewe aliketi karamuni mara nyingi hata mahasimu wake wakamwita mlafi na mlevi. Ila yuko mwanamume ambaye mshahara wake umeingia jana, naye ameketi hapo akiagiza, na huko nyumbani, Umoja au Dandora, wanawe wamekunywa chai ya strungi kwa mkate mkavu, na mama yao amekwisha kukopa unga dukani. Mtu huyo, hata akila robo kilo, ni mlafi kwa hesabu ya Paulo. Na mhubiri anayempita huyo ili amkemee mama muuza chapati kwa unene wake amekosa insafu.

Nabii Ezekieli, alipoitaja dhambi ya Sodoma katika sura ya 16, aliweka pamoja kiburi, shibe na kutomtegemeza maskini, kana kwamba mambo hayo hayatengani. Sisi tunaoishi jirani na jaa la Dandora, lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na bado linapokea malori, hatuna haja ya kufafanuliwa: waandishi wa habari wamepata kueleza jinsi watu wanavyongojea humo mabaki ya chakula cha abiria wa ndege, na Lazaro, yule maskini wa Injili ya Luka aliyetamani makombo ya meza ya tajiri, angeijua foleni hiyo.

Wakristo wa Roma wa karne ya 2, kama kisemavyo kitabu cha Mchungaji wa Herma, walifundishwa kwamba anayefunga apige hesabu ya gharama ya chakula alichojinyima, ampe mjane au yatima. Kwaresima yetu aghalabu huisha bila ya hesabu hiyo.

Fauka ya hayo, tazameni karamu za makanisa yetu siku za harambee. Wageni mashuhuri huketi chini ya hema lao, wakapelekewa kuku, pilau na soda, ilhali waumini wamepanga foleni juani, na watoto, wanaowekwa nyuma daima, hufika kwenye sufuria wakakuta wali mkavu na kabichi. Katika shule za msingi za umma za jiji hili, tangu mpango wa Dishi na County uanze mwaka 2023, mtoto hulipa shilingi 5 akapata chakula kilekile apatacho mwenziwe, awe wa karani au wa kibarua. Yaani jiko la kaunti, bila ya kujidai dini, limemsikia Paulo kuliko kamati zetu.

Napendekeza basi katika harambee ijayo watoto wapakuliwe kwanza, wafuate waliokuja kwa miguu, na hema la wageni lihudumiwe mwisho. Wanakamati watasema kwamba mheshimiwa akicheleweshewa sahani ataondoka na bahasha yake. Ikiwa ndivyo, kamati na ikiri kwamba kuku wale ni bei ya bahasha, na katika matangazo ya Jumapili isiiite tena shughuli hiyo karamu ya upendo.