UCHAMBUZI: Onyo la kusi halitoshi bila wa kulitafsiri ufuoni

MASIKA yanapoelekea ukingoni katika Pwani ya Kenya, bahari hubadilika sura. Pepo za kaskazi zilizovuma tangu Desemba huwa zimekwisha, maleleji yamepita, na kusi huanza kushika kani. Tangu wakati huo hadi Septemba, taarifa moja hurudi mara kwa mara redioni na magazetini: Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa inatahadharisha kuhusu upepo mkali unaozidi kasi ya noti 25 na mawimbi yanayozidi mita mbili.

Taarifa hiyo ni fupi na ina msingi wa kisayansi. Hata hivyo, wanaoisikia si watu wa aina moja. Yupo mvuvi wa mtumbwi kule Msambweni. Yupo kijana anayekodisha mipira ya kuelea katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Mombasa. Ipo pia familia iliyoteremka kwenye treni kutoka Nairobi, watoto wakiwa na hamu ya kuona bahari kwa mara ya kwanza.

Wote watatu wamepewa onyo moja, lakini hakuna aliyeambiwa afanye nini, wapi na saa ngapi. Pengo hilo kati ya onyo na uamuzi ndilo huhatarisha maisha kila msimu wa kusi, na ndilo linalopaswa kuzibwa kabla ya Julai na Agosti, miezi ambayo bahari huchafuka zaidi.

Kwanza, takwimu zenyewe zinahitaji kufafanuliwa. Noti 25 ni takriban kilomita 46 kwa saa. Kwa mwenye jahazi kubwa, huo ni upepo wa kupunguza tanga. Kwa mwenye mtumbwi wa kasia, ni upepo unaoweza kumzuia kurejea alikotoka, hata akipiga kasia kwa nguvu zake zote.

Mita mbili nazo hueleweka visivyo. Kwa desturi ya watabiri wa bahari duniani, kimo kinachotajwa si cha kila wimbi, bali ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Maana yake ni kwamba, miongoni mwa mawimbi mengi yatakayopita, litatokea moja linalokaribia mara mbili ya kimo hicho. Isitoshe, nguvu ya wimbi haiongezeki sambamba na kimo chake: wimbi la mita mbili hubeba nguvu mara nne ya lile la mita moja.

Pili, bahari ya msimu wa kusi huwa na mawimbi ya asili mbili. Yapo yanayozaliwa na upepo unaovuma hapa hapa, mafupi na yenye povu. Yapo pia mawimbi marefu yanayosafiri maelfu ya kilomita kutoka bahari za kusini ya mbali, ambako wakati huo ni majira ya baridi na dhoruba. Mawimbi hayo huweza kufika katika siku ambayo ufuoni hakuna upepo wa kutisha. Ndiyo maana mtu anayeitathmini bahari kwa kutazama minazi pekee huweza kujidanganya.

Aidha, mkondo wa bahari unaotiririka kuelekea kaskazini kandokando ya Pwani hupata nguvu zaidi kusi inapovuma, na huweza kufikia kasi ya noti nne. Chombo kilichozimikiwa na injini nje ya mwamba hakibaki mahali pake kikisubiri msaada. Kufikia wakati wa kutafutwa, huwa tayari kimesukumwa mbali upande wa kaskazini.

Lakini Pwani si ufuo mmoja. Sehemu kubwa ya ukanda kutoka Diani hadi Watamu imekingwa na mwamba wa matumbawe unaoyavunja mawimbi kabla hayajafika mchangani. Malindi na ghuba ya Ungwana hali ni tofauti. Tope na maji baridi ya mito ya Sabaki na Tana hayaruhusu matumbawe kustawi, kwa hivyo mawimbi hufika ufuoni bila kizuizi. Onyo lile lile linalomaanisha povu la mbali kwa mwogeleaji wa Bamburi huweza kumaanisha wimbi la kumwangusha mwenzake wa Malindi.

Hata penye mwamba, usalama hutegemea maji kujaa na kupwa. Hapa ndipo taarifa za kawaida hunyamaza, na hapa ndipo penye siri ya ajali nyingi.

Wakati wa bamvua, siku chache baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika Mombasa huzidi mita tatu. Maji mafu yanapofika, tofauti hiyo hupungua hadi takriban mita moja. Maji yakijaa kwa bamvua, mwamba hufunikwa na mawimbi hupita juu yake hadi ndani. Yanapoanza kupwa, maji yote yaliyoingia hutafuta njia ya kutoka, na njia hiyo ni milango ya mwamba. Mwogeleaji au mtoto aliyekalia mpira karibu na mlango kama huo huvutwa kuelekea bahari kuu bila kuona wimbi lolote la kumwogofya.

Kuna jambo jingine ambalo wakazi wa kale wa Mombasa walilijua bila saa ya mkononi. Siku za bamvua, maji hujaa hapo karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Upepo nao huwa mpole alfajiri, ukazidi mchana jua linapoipasha joto nchi kavu, na kufikia kilele alasiri.

Yaani, katika siku za bamvua za msimu wa kusi, maji mengi, upepo mkali na umati mkubwa wa watu hukutana ufuoni kwa wakati mmoja: kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni. Halafu maji huanza kutoka huku giza likiingia na wazazi wakiwatafuta watoto wao. Hatari hiyo si ya kubahatisha. Siku zake zimo katika majedwali ya maji yanayochapishwa na Halmashauri ya Bandari Nchini, KPA, miezi mingi kabla.

Likizo ya shule ya Agosti huongeza uzito wa hoja hii. Msimu wa Krismasi, wageni wengi hukutana na kaskazi na bahari iliyo na joto. Wale wa Agosti hukutana na kusi yenyewe. Mgeni aliyeoga kwa raha mwezi Desemba hurudi akidhani ni bahari ile ile.

Historia yaonyesha kwamba onyo likiambatanishwa na uamuzi, watu hunusurika. Mnamo Desemba 26, 2004, mawimbi ya tsunami yaliyoanzia Indonesia yaliwaua mamia ya watu nchini Somalia. Kenya, iliyokuwa na saa kadhaa za kujiandaa, ilipoteza mtu mmoja, huko Watamu. Fuo zilizokuwa zimefurika wageni wa Krismasi ziliondolewa watu. Hawakuachiwa takwimu wazitafakari wenyewe. Waliambiwa watoke majini.

Hali kama hiyo ilijirudia Mei 2024 wakati kimbunga Hidaya kilipoikaribia Tanzania na kufika maeneo ya kisiwa cha Mafia. Vimbunga ni nadra kufika karibu hivyo na Ikweta, kwa sababu mzunguko wa dunia unaovipa msokoto hudhoofika hapo. Serikali ya Kenya iliwataka wakazi wa Pwani waepuke uvuvi, kuogelea na shughuli za ufuoni hadi hatari ipite. Ujumbe ulikuwa bayana.

Tatizo la kusi ni kwamba si tukio la siku moja. Ni msimu wa miezi kadhaa, na maonyo yakirudiwa kila wiki masikio huyazoea. Hakuna serikali inayoweza kuzifunga fuo tangu Juni hadi Septemba. Wauzaji madafu, wachuuzi wa viazi karai, wapiga picha na wenye mashua za vioo wangelala njaa. Kwa hivyo hutangazwa onyo la jumla, kisha kila mtu huachiwa hiari yake.

Na hiari hiyo kwa mvuvi si hiari kamili. Wavuvi wadogo wa Pwani ni zaidi ya elfu kumi, na wengi hutegemea mitumbwi, hori, ngalawa na madau. Wengi si wenye vyombo. Samaki wakipatikana, tajiri wa chombo na nyavu huchukua fungu lake kwanza, kisha mabaharia hugawana kilichosalia. Asiyetoka hapati fungu.

Kusi inapovuma, vyombo vinavyothubutu kutoka hupungua, samaki huadimika sokoni na bei hupanda. Siku ambayo onyo ni kali zaidi ndiyo siku ambayo kapu moja la samaki lina thamani kubwa zaidi. Kumlaumu mvuvi anayetoka siku hiyo kwamba ni mkaidi ni kusahau kwamba hana akiba, hana bima, na watoto wake hawawezi kula onyo.

Wapo wanaosema kwamba ajali ya baharini ni majaaliwa, wakitaja methali kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Wazee wenyewe, hata hivyo, hawakuishi kwa methali hiyo pekee. Waswahili wa kale waliuhesabu mwaka wa jua kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi. Kwa hesabu hiyo walijua majira ya kufunga bahari, ambapo majahazi yalivutwa pwani na kukarabatiwa, na majira ya kuifungua. Kalenda yao haikuwa utabiri tu. Ilikuwa na amri ndani yake, na jamii nzima iliitii kwa kuwa ilipanga maisha yake kwa kuifuata.

Utabiri wa kisasa una usahihi ambao kalenda hiyo haikuwa nao, lakini umeikosa amri yake. Mamlaka zimegawana kazi vipande vipande. Idara ya hali ya hewa hutabiri. Halmashauri ya Bandari hutoa majedwali ya maji. Mamlaka ya usafiri wa baharini, KMA, husimamia usalama wa vyombo na uratibu wa uokoaji. Walinzi wa Pwani, walioanzishwa kwa sheria ya 2018, hushika doria. Serikali za kaunti zina fuo, na vikundi vya usimamizi wa fuo vilivyoundwa chini ya kanuni za 2007 vina bandari ndogo za wavuvi. Swali la nani hasa apandishe bendera nyekundu saa tisa alasiri katika ufuo fulani ndilo hubaki likielea.

Jibu si gumu wala ghali. Kila ufuo wenye watu wengi uwe na ubao mmoja unaoandikwa kila asubuhi kwa Kiswahili: upepo wa leo, saa ya maji kujaa, saa ya kupwa, na sehemu ya mlango wa mwamba. Mwokoaji aliyepo awe na mamlaka ya kuwatoa watu majini kwa saa mbili au tatu za hatari, kisha awarejeshe. Kufunga ufuo kwa saa tatu hakumfilisi mchuuzi. Maiti moja inayoletwa na maji humfilisi kwa msimu mzima.

Kwa wavuvi, mfano upo nyumbani. Katika Ziwa Victoria, mradi ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kati ya 2017 na 2021 uliboresha utabiri wa wavuvi kwa kuutoa kwa sehemu mbalimbali za ziwa na kwa vipindi vya siku. Mvuvi wa Kipini au Shimoni anastahili huduma kama hiyo: aambiwe kama upepo utapoa kwa saa nne za alfajiri, ili atoke karibu na arudi mapema, badala ya kuchagua kati ya njaa na bahari kuu.

Palipo na siku ambazo hakuna dirisha kama hilo, vikundi vya wavuvi viwe na mfuko wa kusi, unaochangwa wakati wa kaskazi samaki wanapokuwa tele na kuongezewa na kaunti. Fedha hizo zingegharimu kaunti kidogo kuliko msako wa angani na baharini, na pia kuliko kuwatunza wajane na mayatima.

Msiba wa jirani haupaswi kusahaulika. Mnamo Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam kuelekea Unguja ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikiwa na abiria wengi, bahari ikiwa imechafuka. Msimu ni ule ule, bahari ni ile ile.

Msimu ujao wa kusi, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa itataja tena noti 25 na mita mbili. Itakuwa imetimiza wajibu wake. Kipimo cha serikali za kaunti na mamlaka za baharini kitakuwa kama yule mzazi aliyeshuka kwenye treni ataikuta, pale ufuoni Jomo Kenyatta, bendera inayomwambia kwamba leo, kuanzia saa tisa, watoto wacheze mchangani.