Mwembe wa Kubebesha na Dumu la Plastiki

Ukienda Itetemia, pale palipokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, utakuta kivuli cha miembe, mti uliofuatana na misafara ya zamani hadi Tabora. Mkulima mwenye mche wa kienyeji haung'oi. Hukata shina na kulibebesha kikonyo cha embe bora. Mizizi hubaki ile ile, matunda yakageuka. Wataalamu wa plastiki nao hubebesha, ingawa hawatumii kisu.

Itazame ndoo yako iliyopasuka. Umeipaka gundi za kila aina, na zote zimebanduka kama ukoko wa wali. Gundi haina kosa. Ndoo na madumu mengi ni ya polithini, iliyogunduliwa kwa bahati na wakemia wa Uingereza mwaka 1933. Molekuli zake ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni tu, isiyo na mahali pa kushikwa na gundi, rangi wala maji. Fundi wa mtaani anayeiziba kwa chuma cha moto ana akili kuliko muuza gundi: huyeyusha plastiki juu ya plastiki.

Kiwandani, uso wa plastiki hupigwa mionzi, au plastiki hukandwa kwa joto pamoja na peroksaidi, hata baadhi ya haidrojeni ibanduke. Penye pengo hubebeshwa mnyororo mwingine, wenye kupatana na maji au udongo. Naam, udongo! Upo udongo wa mfinyanzi ambao chembe zake ni kama karatasi zilizopangwa, kila moja yenye unene wa nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Plastiki tupu huukataa, ukabaki madonge. Iliyobebeshwa huupokea, karatasi zikatawanyika. Asilimia chache tu za udongo huiongezea ugumu, na hewa hupenya kwa taabu kwa sababu hulazimika kuizunguka kila karatasi. Watafiti wa Toyota huko Japani walilithibitisha jambo hilo kwa nailoni katika miaka ya 1980.

Dumu la kawaida halina kinga hiyo, na hapa nakuomba usikilize, hasa wewe unayeishi karibu na mashamba ya tumbaku. Dawa za wadudu zenye asili ya mafuta huzama ndani ya plastiki yenyewe. Utalisuuza mara tatu, harufu itatoweka, na sumu iliyojificha itaendelea kutoka kidogo kidogo ndani ya maji, au ndani ya asali uliyomwekea mgeni. Ukiuziwa dumu kuukuu sokoni, uliza lilibeba nini. Muuzaji asiyejua, mwachie dumu lake. Lililobeba dawa ya mazao lisiingie jikoni hata ukipewa bure. Litoboe kitako mara tu dawa inapokwisha, kabla mtoto hajalichukua kwenda nalo kisimani.