Paka wa Nyumba Haingwa. Je, Paka wa Jirani?

Alifika kliniki siku ya tatu, mkono wake wa kulia umevimba kutoka kidole cha shahada hadi juu ya kifundo. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye umri wa kuwa mama yangu, naye alieleza kwamba alijichoma kwa msumari wa mlango. Nilipoutazama mkono niliona matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, yamekwisha kufunga juu huku usaha ukijikusanya chini. "Mwalimu," nilimwuliza, "msumari huo ulikuwa na meno mangapi?" Aliinamisha uso, kisha akacheka kwa haya. "Ni paka wangu mwenyewe, mwanangu. Ningelisemaje mbele ya watu?"

Kwa ridhaa yake, na bila kumtaja, nakisimulia kisa chake, kwa kuwa nimekiona mara nyingi katika sura nyingine. Mwalimu anaishi nyumba ya chini katika jengo la ghorofa, pamoja na paka jike aliyemlea ndani tangu akiwa mdogo. Kwa miezi kadhaa, kila jua lilipotua, dume la jirani lilikuja kukaa kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa pili wa wavu wa mbu. Jike akasimamisha manyoya, akafoka, akaanza kukojoa mlangoni na kwenye mapazia. Jioni ile Mwalimu aliinama kumbeba ili amtulize, naye akamwuma. Kabla ya hapo alikwisha kurushiana maneno na jirani hata wakaacha kusalimiana, na mjukuu wake alikwisha kuahidi kulimaliza dume hilo kwa kipande cha nyama chenye sumu.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba hospitali ina mambo mazito kuliko ugomvi wa paka. Naheshimu rai hiyo, lakini siikubali. Ugomvi wa paka ulikuwa chanzo cha jeraha hili, nao ndio uliomfanya mgonjwa afiche ukweli na achelewe. Huo huo ndio uliofunga mlango wa nyumba ambamo jibu la swali letu kubwa la kitabibu lilikuwamo. Naam, tuanze na paka mwenyewe.

Paka ni mnyama wa himaya. Huijua mipaka yake kwa harufu, na paka wa ndani himaya yake yote ni vyumba viwili au vitatu. Mgeni anapoketi dirishani, wa ndani humwona na kumnusa lakini hawezi kumfukuza wala kumkimbia. Hasira iliyokosa njia humwangukia aliye karibu: paka mwenzake, mtoto, au mwenye nyumba anayenyoosha mkono kwa huruma. Madaktari wa mifugo wanaijua vyema hali hii. Anaweza kubaki amefura kwa saa kadhaa baada ya mgeni kuondoka. Wako watakaosema amerogwa au ameingiwa na jini; la hasha, ameogopa. Mkojo wa mlangoni pia hauna ukorofi ndani yake: ni alama ya mpaka iliyowekwa na mnyama aliyefadhaika.

Kuna jambo jingine ambalo Mwalimu hakulipenda nilipomwambia. Jike wake hakuwa amefungwa kizazi. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, ambako mchana haufupiki sana, paka jike anaweza kuingia kwenye joto wakati wowote wa mwaka, na harufu yake na sauti yake huwaita madume kutoka mbali. Basi huenda dume lile halikuja kutafuta ugomvi, liliitwa. Lawama iliyokuwa upande mmoja wa ukuta ikagawanyika pande zote mbili.

Sasa jeraha. Meno ya paka ni membamba kama sindano. Huingia ndani hadi kwenye kano na viungo vya vidole, kisha ngozi hujifunga juu yake, na vijidudu hubaki vimefungiwa. Ndiyo maana jeraha la paka, ingawa ni dogo kwa macho, huambukizwa mara nyingi kuliko la mbwa. Kinywani mwa paka wengi wenye afya njema huishi bakteria aitwaye Pasteurella multocida, anayeweza kuuvimbisha mkono ndani ya saa 24. Jina lake limetokana na Louis Pasteur, mtu yuleyule aliyemchanja mtoto Joseph Meister dhidi ya kichaa cha mbwa mwezi Julai 1885. Hivyo maradhi mawili tunayoyahofia baada ya kuumwa na paka yanakutana katika jina la mtu mmoja.

Kichaa cha mbwa kimepewa jina la mbwa kwa haki, kwa kuwa mbwa ndio chanzo cha karibu vifo vyote vya binadamu kwa maradhi hayo, ambavyo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa 59,000 kila mwaka, vingi vyao barani Afrika na Asia. Jina hilo, hata hivyo, limewadanganya wengi kudhani kwamba paka hahusiki. Paka huambukizwa na huambukiza. Paka wa ndani asiyechanjwa, akiumwa na mzururaji, anaweza kuwa daraja kati ya barabara na kitanda cha mtoto wako. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kifo ni karibu hakika. Kabla ya hapo, kinga ni karibu hakika vilevile.

Kwa hiyo ukiumwa au ukikwaruzwa hata ngozi ikachanika, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake dawa ya meno, mafuta ya taa wala majani yaliyopondwa. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hasa kama ni mkono, hata kama hakuna maumivu makali. Tutaamua kuhusu dawa za kuua bakteria, chanjo ya pepopunda na chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hii haisubiri uchunguzi wa mnyama. Huanza, na mnyama akiwekwa chini ya uangalizi akabaki mzima kwa siku 10, daktari anaweza kuisitisha.

Hapa ndipo nilipomwuliza Mwalimu: je, dume lile limechanjwa? Liko wapi leo? Linakula? Hakujua. Paka wake alikuwa amegusana nalo kupitia tundu la wavu, na mwenye majibu aliishi hatua 10 kutoka mlangoni pake, lakini hawakuwa wanazungumza. Tulianza chanjo. Kisha, akiwa bado kitandani akisubiri kupelekwa chumba cha upasuaji ili kano ya kidole isafishwe, aliniomba simu yake. Nilimsikia akisema, "Baba, ni mimi jirani yako. Naomba unisaidie jambo." Jirani alikiri kwamba paka hajachanjwa, akaahidi kumfungia ndani siku 10 na kutoa habari kila jioni. Alitimiza.

Mjukuu naye tulizungumza. Nyama yenye sumu haimjui aliyekusudiwa. Katika uwanja ule walikuwa wakicheza watoto wawili wadogo wa jirani huyohuyo. Sisi tunaohudumia wagonjwa wa dharura tunajua sumu za kuulia wadudu zinavyomfanya mtoto: mate yanayomtoka bila kukoma, pumzi inayokatika. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama hapa Tanzania. Na hata kama dume lile lingekufa, dume jingine lingekuja kuchukua nafasi, maana kilicholivuta bado kipo.

Kinachofaa ni kupanga kazi pande mbili za ukuta. Upande wa mwenye paka wa ndani: ziba sehemu ya chini ya dirisha kwa karatasi nzito au pazia lisilopenyeza macho, ili wasionane. Ondoa mabaki ya chakula nje na funika pipa la taka. Osha mahali palipokojolewa kwa sabuni ya unga na suuza vizuri. Epuka visafishio vyenye amonia, vinavyofanana na harufu ya mkojo, na dawa zenye fenoli, ambazo ni sumu kwa paka. Mpe paka wako pahali pa juu pa kupumzikia na sanduku safi la mchanga mbali na dirisha hilo. Akiwa amefura, usimbebe. Mwache katika chumba tulivu chenye giza mpaka atulie. Paka wawili wakishikana, watenganishe kwa kelele au kwa ubao uliowekwa kati yao, kamwe si kwa mkono. Usimpe dawa ya binadamu: paracetamol humwua.

Upande wa mwenye paka anayezurura: mchanje, na mhasi. Dume aliyehasiwa hupunguza sana kuzurura, kupigana na kunyunyiza mkojo. Mlishe nyumbani na mwite ndani kabla ya magharibi. Mtapata msaada kwa daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata, na majirani wawili wakienda pamoja aibu hupungua.

Neno fupi kwa wajawazito na kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa sababu nimewaona wakiambiwa wamtupe paka. Vimelea vya toksoplasma hutoka katika kinyesi cha paka, lakini huhitaji siku moja au zaidi nje ndipo viweze kuambukiza. Basi mchanga usafishwe kila siku, na mtu mwingine ikiwezekana. Mikono ioshwe, mboga zioshwe, nyama iive. Kinyesi cha paka mzururaji bustanini ni cha kuogopwa zaidi kuliko paka wa ndani anayelishwa chakula kilichopikwa.

Kwa wenzangu watoa huduma, ninapendekeza maswali matatu kwa kila jeraha la mnyama: ni mnyama wa nani, yuko wapi sasa, na je, unazungumza na mwenye naye? Swali la tatu halimo katika fomu zetu. Nakiri kwamba mimi mwenyewe sikuwa nikiliuliza, na nimewahi kumwandikia mgonjwa "mnyama hajulikani" ilhali mnyama alijulikana kwa jina, ila mgonjwa hakutaka kubisha mlango wa jirani. Tunayoyaita Afya Moja katika semina, yaani afya ya binadamu, ya wanyama na ya mazingira pamoja, mtaani huanza na hodi.

Kidole cha Mwalimu hakikunji tena hadi mwisho. Zile siku mbili alizopoteza zimebaki humo. Paka wake amefungwa kizazi, na dume la jirani limehasiwa. Sijasikia kwamba majirani hao wamekuwa marafiki. Lakini wanasalimiana, na kila mmoja anayo namba ya simu ya mwenzake.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi, kwa kuwa yuko kwao. Paka wa jirani naye yuko kwao, nyumba ya pili. Usimrushie jiwe. Mwendee mwenyewe.