Dhahabu Imepanda Vibaya. Sasa Zakati Inakuhusu ama Haikuhusu?

Buda, kama wewe ni Muislamu na uko na ka-saving M-Pesa, kwa sacco ama kwa chama, hii story ni yako.

Oktoba 2025 aunsi moja ya dhahabu ilipita dola 4,000. Wengi waliona ni habari ya wadosi. Lakini dhahabu ndiyo wengi hutumia kupima nisabu, yaani kile kiwango mali yako ikifika, zakati inakuwa lazima. Nisabu ni gramu 85 za dhahabu ama gramu 595 za fedha, ile madini ya silva.

Piga hesabu. Januari 2020, gramu 85 hazikufika 450,000 za Kenya. Kwa bei ya Oktoba 2025, ni kama milioni 1.4! Msee mwenye alikuwa na 600,000 benki alikuwa analipa zakati. Leo, na doh zile zile, akipima na dhahabu yuko huru.

Sasa geukia silva. Mwezi huo huo aunsi yake ilikuwa karibu dola 50, so gramu 595 ni kama 123,000. Hapo hata mhustler wa kawaida anaingia.

Wanazuoni wametofautiana. Kuna wenye wanasema tumia silva juu inawafikia maskini wengi. Wengine wanasema dhahabu, juu silva imeshuka thamani sana tangu enzi za Mtume, na mtu wa 123,000 Nairobi si tajiri. Zote ni hoja za ukweli. Shida ni kuchagua ile inakufaa wewe mfukoni kila mwaka. Uliza sheikh wako, chukua msimamo, kaa hapo.

Nisabu ikifika, bado pesa lazima ikae mwaka mzima wa Kiislamu. Halafu unatoa asilimia 2.5. Kwa 200,000, hiyo ni 5,000 tu.

Simu yako, nyumba unalala na boda unayofanyia kazi hazihesabiwi. Lakini kama unauza nguo Gikomba, stoki inahesabiwa kwa bei ya siku hiyo. Pia si lazima ungoje Ramadhani. Mwaka wako ukiisha Rajabu, lipa Rajabu. Ile ya Ramadhani ni zakatul-fitri, chakula kinachotolewa kabla ya swala ya Idi, na hiyo haingoji nisabu.

Na usicheze hapa: kumtumia mathe pesa ya kodi si zakati. Mzazi na mtoto wako ni jukumu lako tayari. Lakini bro wako mwenye amelemewa na deni, ama shangazi hana kitu, hao unaweza kuwapa, na ni bora zaidi. Qurani, sura ya 9 aya ya 60, imetaja makundi manane ya kupewa, wakiwemo mafukara, maskini, wenye madeni na msafiri amekwama.

Kumbuka zakati si msaada. Ni haki ya mtu mwingine imelala kwa akaunti yako. Dhahabu ikipanda, mama mboga mwenye amefilisika hapo Majengo hajatajirika. Njaa yake iko pale pale.

So leo fungua simu, angalia balance, andika tarehe. Wewe uko upande gani, dhahabu ama silva?